Nimeonja Kwanza

Murubona, Kasulu
Novemba, mvua zimeshakolea

Dada yangu Ange,

Amahoro. Nakusalimu wewe, shemeji Pasikali na binti yetu Jeanne, nikiamini barua hii inawakuta mmeamka salama na maharage ya Kibondo yameshachomoza. Sisi huku hatujambo. Shemeji yako Manirambona anakohoa kidogo, lakini ni kikohozi cha mtu anayetaka kuhurumiwa, maana chakula anamaliza na shambani anakwenda. Duka la mawese linakwenda vizuri. Mimi mwenyewe ni mzima, tena mzima kuliko ulivyoniona mara ya mwisho, na habari za uzima huo ndizo hasa zilizonishikisha kalamu, kwa hiyo tafuta mahali pa kukaa.

Najua unajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Simu yako unaipokea kwa sauti ya nje, nyumba nzima na wateja wa mgahawa wako wanasikia hadi ninavyovuta pumzi. Halafu tangu siku ya posa ya Jeanne, kila nikipiga anapokea shemeji, ananiambia uko jikoni. Tangu mwezi wa saba uko jikoni. Barua haipokelewi na mtu mwingine kwa niaba yako. Hata ukiitupa utaiokota, maana nakufahamu, wewe husoma hata gazeti lililofungia maandazi.

Nianze palipouma, ili usidhani napazunguka.

Siku ile wakwe walikuja kutoka Nyabibuye kumposea kijana wao Claude binti yetu. Alikuja baba yake, Mzee Nkunzimana, na mkewe, na wazee wa ukoo wao waliojaza benchi zote. Wewe ulipika kwa moyo wako wote. Kulikuwa na wali, ugali wa muhogo, mbuzi, maharage, na sombe, kisamvu chetu, iliyojaa mawese niliyokuletea mwenyewe. Ukachota urwarwa, pombe yetu ya ndizi, kwenye kibuyu, ukaonja mbele ya wageni kama desturi inavyotaka, mwenye nyumba atangulie ili anayekunywa ajue hakuna kitu ndani. Halafu hukumpa mgeni yeyote. Uliniletea mimi, mdogo wako wa tumbo moja, pamoja na sahani ya kwanza, ili nifungue meza.

Na mimi nikasema asante dada, nimekuja na changu. Nikafungua hotpoti.

Niliona mkono wako umebaki hewani na kibuyu. Niliona mke wa Nkunzimana ananitazama mimi, anatazama sahani yake, halafu anaiweka chini. Wazee wa kwao wakamtazama yeye, nao wakaweka zao. Mmoja wao akasema, wala hakunong'ona, kwamba ikiwa mdogo wa damu hali mkono wa dada yake, wao wageni wale kwa ujasiri gani. Wakaondoka jua likiwa bado juu, wakisema watatuma jibu. Jibu hilo Jeanne analingoja hadi leo.

Kwetu hakuna asiyejua maana ya kukataa chakula cha mtu. Unamwambia kwamba mkono wake una sumu. Ungemtukana ingekuwa afadhali, tusi linasahaulika. Saidi, dereva wa basi la kwenu, ananiletea habari kila akipakia madumu yangu. Anasema saa za mchana benchi za mgahawa wako zinabaki wazi, na wapo wanaopita wakisema pale ni kwa yule ambaye hata ndugu zake hawali. Dada, nimeuza mawese sokoni miaka mingi, nimesemwa na watu wa kila namna, lakini hilo neno linaninyima raha nikiwa nimekaa na nikiwa nimesimama. Jina lako na ndoa ya Jeanne ndivyo vitu viwili ninavyovitaka virudi mahali pake, na barua hii imekuja kuvirudisha.

Watu wamegawanyika makundi mawili. Kuna wanaosema Immakulata anamjua dada yake kuwa mchawi. Kuna wanaosema Immakulata amepata vijisenti vya mawese, amekuwa mtu wa mjini, anapunguza mwili kwa madoido na chakula cha Kibondo hakimfai tena. Wote wamekosea. Ukweli ni wa tatu, na nitaufikia, ila lazima nipite njia yake. Usirukie ukurasa wa mwisho kama unavyofanya.

Mwaka jana baada ya Pasaka nilipangisha chumba cha nyuma ya duka kwa binti anayeitwa Dorcas, Muha wa Buhigwe. Dorcas alifanya kazi kambini Nduta na shirika moja lililokuwa likiwafundisha akina mama wakimbizi kunyoosha viungo na kupumua vizuri, ili miili yao ipunguze mambo iliyoyabeba njiani. Mradi ulipoisha akaja Kasulu kutafuta riziki. Asubuhi yake ya kwanza nilimkuta uani amesimama kwa mguu mmoja, mikono juu, macho yametulia, nikadhani ameumwa na siafu. Akasema ni yoga. Nikamwambia yoga ni mambo ya watu wa kwenye televisheni wenye suruali za kubana. Akanijibu kwamba kitenge kinatosha, na akaniomba niiname tu nishike vidole vya miguu.

Sikuvifikia. Magoti yenyewe niliyafikia kwa kuguna. Mimi niliyekuwa napalilia maharage kutwa na jioni nikaingia kwenye ngoma, nimesimama uani kwangu nashindwa kugusa miguu yangu mwenyewe, na mpangaji ananitazama. Niliona aibu, halafu nikaona hasira, na wewe unajua hasira yangu ina faida. Kesho yake nilirudi pale uani kabla yake.

Sasa tumekuwa kundi zima. Tunakutana asubuhi nyuma ya ukumbi wa parokia, kila mmoja na mkeka wake, wauza nyanya, walimu wastaafu, wajane, hata mke wa fundi baiskeli aliyekuwa akitucheka kupitia uzio. Majina ya Dorcas yalitushinda, tukayapa yetu. Ile ya kuinama mikono chini na makalio juu tunaiita kupanda maharage. Ile ya kukaa na kusokota kiuno tunaiita kuangalia nani anapita. Ile ya mwisho ya kulala chali bila kujitikisa Dorcas alisema inaitwa maiti, lakini akina mama walikataa kata kata kuwa maiti kabla ya wakati wao. Tunaiita mvua imenyesha, kwa sababu siku ya mvua kubwa mkulima ana haki ya kulala. Wananiambia hapo mimi hukoroma, lakini sina ushahidi.

Katekista alikuja kutukagua. Alikuwa amesikia kwamba tunasujudia jua. Dorcas akamjibu kwa adabu kwamba jua linachomoza upande wa pili wa ukumbi na hatulioni, na kwamba tunaanza kwa ishara ya msalaba na kumaliza kwa ishara ya msalaba. Akakaa kwenye kiti akitutazama, akaondoka ameshika kiuno. Wiki iliyofuata akaja na mkeka.

Faida yake sitakuficha. Nabeba dumu la mawese kutoka stoo bila kumwita kijana. Napanda kilima cha kwenda hospitali nikiongea, wakati zamani nilikuwa nikipanda kimya na kusimama njiani kujifanya nasalimia watu. Nalala usingizi mzito na kuamka mwepesi. Goti lile la kulia lililokuwa likitabiri mvua kuliko redio limeacha utabiri. Manirambona alipoona hivyo akaanza kunisindikiza asubuhi kwa miguu mpaka parokia, anasema ni kwa usalama wangu, lakini mkanda wake wa suruali umeshaongezwa tundu.

Jikoni nako nimegeuza mambo, bila vitu vya dukani vya kwenye pakiti. Ni vile vile tulivyokulia, ila nimebadilisha kipi kinakuwa kingi. Sehemu kubwa ya sahani ni majani: lengalenga, huo mchicha wetu, au sombe, au majani ya maboga. Pembeni maharage, au dagaa, au samaki mgebuka wa kuchoma. Ugali umekuwa mgeni anayekaa kwenye kigoda karibu na mlango. Parachichi ninalo uani. Chai nakunywa na tangawizi bila sukari, na wiki ya kwanza nilinuna kila asubuhi kama niliyenyang'anywa kitu, halafu ulimi ukazoea. Mawese napima kwa kijiko. Mimi muuza mawese napima mawese kwa kijiko, dada. Wateja wangu wakijua watanikimbia, kwa hiyo hilo libaki kwenye ukoo.

Najua unachosema sasa hivi. Unasema Ima amekonda, watu watadhani mumewe hamlishi. Mama angesema hivyo hivyo. Mama alivuka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili, mimi mgongoni na wewe umeshika kitenge chake, na tangu safari ile hakuwahi kuona chakula kingi kikawa kingi. Kwake unene ulikuwa cheti cha amani. Alitupakulia, tukimaliza akatupakulia tena, na mgeni aliyeinuka bila kushika tumbo alimhesabu kuwa amenuna. Wewe umeurithi mkono huo, ndiyo maana una mgahawa na mimi nina duka.

Tena kuna lile la njiani. Mama alipougua homa porini, wewe, mtoto mwenyewe, ulitafuna muhogo ukanitia kinywani kidogo kidogo mpaka tukafika kwa watu. Habari hiyo nimeisikia mara nyingi hata nahisi naikumbuka, ingawa nilikuwa mchanga na siwezi kuikumbuka. Mkono wa kwanza kunilisha kitu kigumu duniani ni wako. Sasa pima mwenyewe nilivyojisikia niliposikia Kibondo nzima inasema nauogopa.

Basi tumefika kwenye ukweli wa tatu. Nina kisukari.

Dorcas ndiye aliyenisukuma kupima. Aliona nakunywa maji ovyo, nakwenda chooni katikati ya mazoezi, na kidonda cha kidole hakikauki, akanipeleka hospitali mwenyewe kama anampeleka mtoto kuchanjwa. Daktari alisema kimekaa mwilini muda, ila nimewahi. Akanipa vidonge, akanipa maelekezo ya chakula, akasema mazoezi niliyoanza nisiyaache hata mvua ikinyesha. Vidonge nameza, na yeyote atakayekuambia kwamba yoga inatosha bila dawa mfukuze, maana Dorcas mwenyewe hasemi hivyo. Haya yote yalikuwa mapya, hata hayajazoeleka mwilini, wakati tarehe ya posa ya Jeanne inapangwa.

Sikukuambia kwa sababu ya mama. Wewe ndiye uliyemuuguza. Wewe ndiye uliyeosha kile kidonda cha mguu, wewe ndiye uliyesaini alipokatwa, na mimi nilikuwa nakuja na kuondoka na mabasi. Siku tuliyomzika ulikaa kwenye jamvi ukasema Mungu akitaka kukumaliza akuletee tena kisukari ndani ya nyumba. Mimi nilikuwa nimeegemea bega lako nikasikia. Kwa hiyo daktari alipotamka lile neno, kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa mguu wangu, ulikuwa uso wako. Nikajiambia utalisikia siku litakapokuwa limeshafungwa kamba, ili nikikuambia nikuambie na dawa yake.

Siku ya posa nilikuwa mwanafunzi mgeni wa ugonjwa. Niliogopa kila kitu chenye rangi nyeupe. Nilidhani tonge la wali litanikata mguu palepale mbele ya wakwe. Leo nimejifunza. Leo ningejipakulia mboga zako, maharage, kipande cha mbuzi, tonge mbili za ugali, na urwarwa ningegusisha mdomo tu nikarudisha kibuyu kwa heshima zote, wala hakuna ambaye angejua. Lakini siku ile sikuyajua hayo. Nilijua hotpoti.

Sasa sikiliza, maana hili hata shemeji halijui. Mwezi uliopita nilikwenda Nyabibuye.

Basi lilipita Kibondo na lilisimama kituoni kushusha watu. Niliona moshi wa mgahawa wako, nikamwona Jeanne anaanika mboga. Sikushuka. Ningeshuka ungenifukuza au tungelia, na vyote viwili vingenichelewesha. Nilitaka nikija kwako nije na jibu mkononi.

Nilifika kwa Mzee Nkunzimana na dumu la mawese na mkeka wangu kwapani. Hotpoti niliiacha Kasulu. Walinipokea kwa adabu ya watu wasiojua wafanye nini na mgeni. Wazee wakaitwa, wale wale wa benchi. Chakula kikaletwa, ugali wa muhogo, maharage na samaki, na urwarwa. Mzee akaonja, akanipa kibuyu, na wote wakanikodolea macho kuona nitafanya nini. Nikagusisha mdomo, nikarudisha kwa mikono miwili. Nikanawa, nikala. Nikala mboga yote waliyonipa, na samaki, na tonge zangu chache, nikashukuru.

Kisha nikasimama. Nikawaambia kwamba kama ninaweza kula kwa watu niliowaona mara moja tu, siwezi kuogopa mkono ulionilea. Nikawaambia nina kisukari, nilichokificha kwa dada yangu kwa kumhurumia, na kuficha kwangu ndiko kulikoharibu karamu yake. Nikawaambia kwamba mkono wa Ange hauna kitu chochote isipokuwa alama za kisu cha kumenyea ndizi. Sauti haikutetemeka, dada. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi njia nzima, hata mama wa kiti cha jirani ndani ya basi alidhani nasali rozari.

Hapo mke wa Nkunzimana, mama yake Claude, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akafuta machozi na kitenge. Mumewe akamuuliza kuna nini. Hakumjibu. Akanishika mkono akanipeleka jikoni, akaingiza mkono nyuma ya mtungi wa maji, akatoa kifuko. Ndani mlikuwa na vidonge, vile vile ninavyomeza mimi.

Mama Claude ana kisukari tangu kabla yangu. Mumewe alikuwa hajui, watoto hawajui, anakwenda kupima Kakonko akiaga kwamba anakwenda mnadani. Akanieleza kwamba siku ya posa ulimpakulia wali uliojaa mpaka ukingoni, kwa upendo, naye akabaki anaomba Mungu amwonyeshe mlango wa kutokea. Aliponiona mimi nafungua hotpoti aliona mlango umefunguka. Akaweka sahani chini kwa furaha, akidhani atajificha nyuma yangu. Hakujua kwamba mimi sitazamwi, anayetazamwa ni yeye, mke wa mzee, na kwamba akiweka yake chini ukoo mzima utaweka. Walipoanza kunong'ona habari za sumu alitaka kusema, lakini kila alipofungua mdomo aliona lazima ataje ugonjwa kwanza. Akanyamaza, na siku zikapita, na neno likazidi kuwa zito.

Kwa hiyo hakukuwa na sumu, wala uchawi, wala madoido ya mjini. Kulikuwa na wanawake wawili wazima wanaficha ugonjwa mmoja, na wewe katikati umeshika kibuyu.

Nilimwambia Mama Claude kwamba mimi nimeshasema yangu, iliyobaki ni yake. Alivuta pumzi, nikamfundisha kuvuta nyingine ya kutoka tumboni kama Dorcas anavyotufundisha, akatoka nje akawaambia wote. Mzee Nkunzimana akauliza, kwa unyonge kabisa, ile chai yenye asali anayomtengenezea mkewe kila Jumapili kwa mkono wake mwenyewe ilikuwa inakwenda wapi. Mama Claude akaonyesha mgomba ulio chini ya dirisha. Dada, mgomba ule umestawi kuliko yote shambani. Wazee walicheka hadi yule aliyesema maneno siku ya posa akaja akanipa mkono, akasema ulimi wake ulitangulia.

Nililala pale. Asubuhi nilitandika mkeka uani, Mama Claude akatandika jamvi, akapanda maharage na mimi, makalio juu, wajukuu wakizimia kwa kicheko. Aliniambia ni mara ya kwanza tangu augue anafanya kitu kwa ajili ya ugonjwa huo bila kujificha. Nikamwambia anyooshe magoti.

Jibu la Jeanne basi ni hili. Wanakuja Kibondo Jumamosi ya kwanza ya Desemba kumalizia posa. Mzee atampigia shemeji Pasikali mwenyewe, ila nimemwomba angoje hadi barua hii ikufikie, kwa kuwa sikutaka usikie habari za mwili wangu kwenye sauti ya nje. Na kuna jambo amelisema mbele ya wazee wake, mimi sikumwomba. Amesema siku hiyo kabla ya kufika nyumbani atapitia mgahawani kwako na ukoo wake wote, wakae benchi za mbele zinazotazama barabara, saa ya mchana watu wakiwa wengi, wale. Anataka Kibondo iwaone wanatafuna.

Sikupangii mambo jikoni kwako. Wapikie wali wako na mbuzi wako, watu wazima wenye afya wale wanavyotaka. Ila mimi na Mama Claude utuwekee sahani zetu, majani mengi, maharage, wali kidogo wa kuonyesha heshima. Na urwarwa ukishaonja, niletee mimi kwanza kama ulivyofanya siku ile. Safari hii usianze na sahani, nipe kibuyu kwanza, niko tayari.

La mwisho kabla sijachoka. Nenda kapime. Mama alikuwa nacho, mimi ninacho, na wewe ni mkubwa wangu unayeonja kila sufuria ya mgahawa tangu alfajiri. Usiogope uso wangu kama mimi nilivyouogopa wako. Ukikutwa huna, tutamshukuru Mungu na utaendelea kunitukana kwa afya njema. Ukikutwa nacho, hakikuji kukumaliza. Mama alikikuta peke yake na akachelewa, sisi tuko wawili na tumewahi. Mkeka wako nimeshausuka, ni mpana kuliko wangu, nimekuheshimu kwa vipimo.

Nisalimie shemeji, mwambie mawese yake ya mwezi huu nitamletea mwenyewe. Msalimie Jeanne, mwambie mama yake mdogo anakuja na gauni linalomtosha kwa mara ya kwanza tangu ubatizo wake. Manirambona anawasalimu na kikohozi chake. Dorcas, ambaye hamjaonana, anasema pumua.

Barua hii anakukabidhi Saidi pamoja na hotpoti. Ni ile ile ya siku ile, yenye maua mekundu, najua umeikumbuka. Ndani kuna maharage na lengalenga, nimeyapika leo asubuhi kwa kijiko kimoja cha mawese. Huna haja ya kunipigia wala kuniandikia. Hotpoti ikirudi nitajua, maana mama alitulea tukijua kwamba chombo cha mtu hakirudi kitupu. Weka humo chochote ulichopika siku hiyo, hata wali. Nitakula.

Ni mimi mdogo wako uliyenitafunia,
Immakulata

Ukifunua utaona pembeni pamechotwa kidogo. Usimlaumu Saidi. Ni mimi, nimeonja kwanza.